Mstari wa Shukrani wa Mwanakombo Pandu

Nchi ya Ngazini haimo katika ramani yoyote, na msomaji akihisi amewahi kupita huko, hisia hizo ni zake na azitunze mwenyewe. Tunachoweza kusema ni kwamba ni nchi ya amani, ya utaratibu, na yenye taa.

Taa hiyo iko juu ya paa la Wizara ya Usanifu, kubwa kama tangi la maji la shule, na kila asubuhi saa moja kamili mji mzima huinua macho kuitazama. Ikiwaka kijani, watu hushusha pumzi, hufungua maduka, huposa na kuposwa. Ikiwaka nyekundu... lakini miaka sita sasa haijawaka nyekundu, kwa hiyo tusitiane hofu mapema.

Chanzo cha yote ni Mtambo. Miaka kumi na miwili iliyopita mafundi wa kompyuta walimjengea Kiongozi programu moja kubwa ya kuendesha nchi nzima: vyeti vya kuzaliwa, hospitali, magereza, mabwawa na sherehe, vyote ndani ya Mtambo mmoja. Kama mafundi wazuri wote, walianza kwa kuchora mchoro. Ulikuwa wa ghorofa tatu: ya juu huamuru, ya kati hupima, ya chini hutekeleza. Wakaweka na kanuni. Wa juu humwita wa chini, wa chini hamwiti wa juu. Hakuna kuruka ghorofa. Jirani hasemi na jirani ila kwa kupitia mlango rasmi. Zilikuwa kanuni za programu tu, za kuzuia mambo yasisokotane, lakini Kiongozi alipouona mchoro ule alibubujikwa na machozi. Alisema hiyo ndiyo nchi aliyoiota tangu utotoni. Siku hiyo akajiita Msanifu Mkuu, na kanuni za programu zikawa kanuni za ofisi, za mitaa na za meza ya chakula.

Mafundi waliacha pia jaribio, yaani programu ndogo inayopita ndani ya Mtambo kila asubuhi, ikikagua mstari mmoja mmoja kuona nani kamwita nani. Jaribio likikuta kosa, taa huwaka nyekundu, Mtambo wote husimama papo hapo, na jina la aliyeandika mstari wenye kosa hutokea kwenye skrini. Mtambo hauwashwi tena mpaka ikae Tume ya Watu Saba, nayo hukaa siku arobaini.

Mtunza jaribio aliitwa Mwanakombo Pandu, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwangalifu hata katika kupiga chafya. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja, kuogopa kwa sekunde arobaini, kisha kwenda kunywa chai. Kila mtu alimwambia ana bahati, naye alikubali kwa sauti ya kusikika.

Ukutani mbele yake ilitundikwa picha ya pamoja ya wafanyakazi. Zamani katika picha hiyo alikuwamo mwenzake, Vuai Makame, aliyesababisha nyekundu ya mwisho kwa kuandika mstari mmoja ulioruka ghorofa. Vuai alitolewa ofisini saa moja na robo, na kwenye picha akatolewa saa tano. Fundi wa picha alikuwa na haraka, akausahau mkono. Hadi leo mkono wa Vuai uko begani kwa Mwanakombo, mkono usio na mtu, na ofisi nzima inajua ni wa nani na hakuna anayeuona.

Jambo la mwisho la kujua ni Mstari wa Shukrani. Kila mtumishi wa umma, kabla ya jaribio la asubuhi, lazima aandike mstari mmoja ndani ya Mtambo, mahali popote apendapo, wa kumshukuru Msanifu Mkuu. Mstari huo haufanyi kazi yoyote, ni shukrani tu. Mwanakombo alikwisha kushukuru kwa barabara, kwa mvua, kwa ukame, na mara moja, alipoishiwa, kwa viazi.

Siku tatu kabla ya Jubilei ya Miaka Thelathini ya Utawala, saa moja na dakika mbili asubuhi, picha ya Msanifu Mkuu ilidondoka.

Siyo ile ya ukutani. Kwa sheria, kila skrini ya serikali hubandikwa kwenye pembe ya chini picha yake ya ukubwa wa kiganja. Joto lilikuwa limelainisha gundi, na picha ikaanguka kifudifudi juu ya kibodi. Mwanakombo aliutazama mlango kwanza. Aliiokota kwa mikono miwili, akaipangusa kwa upindo wa mtandio, akachovya kidole katika uji wake wa asubuhi ili aibandike tena upesi. Hapo ndipo alipoona kilichokuwa chini yake kwa miaka sita.

Mstari wa juu wa ripoti, ambao kila mtu aliuona, ulisema: *Makosa: 0.*

Mstari wa chini, ambao picha iliufunika, ulisema: *Mistari iliyokaguliwa: 0.*

Alikaa na kidole chenye uji hewani. Kisha akakumbuka. Miaka sita nyuma, siku ya kuzaliwa kwake, Msanifu Mkuu alitangaza kwamba neno "Idara" lina ukali, na kuanzia siku hiyo idara zote ndani ya Mtambo ziitwe Nyumba za Upendo. Majina yote yakabadilishwa mchana mmoja. Lakini jaribio, ambalo kwa sheria haliguswi, halikuambiwa. Kila asubuhi liliendelea kwenda kutafuta Idara, likikuta hakuna Idara hata moja, na likirudi na habari njema kwamba huko lilikokwenda hakuna kosa. Ni sawa na mkaguzi anayetumwa kila siku kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa, na kila siku anaripoti kwamba haina nyufa.

Mtu mwenye akili angebandika picha na kwenda kunywa chai. Mwanakombo alijiambia hivyo hivyo, akaona vidole vyake vikifungua nakala ya jaribio, vikifuta "Idara", vikiandika "Nyumba za Upendo", vikibonyeza.

Makosa: 4,118.

Watu walikuwa wameruka ghorofa, wamepita madirishani, wameitana kutoka chini hadi juu kama wapiga debe, miaka sita mfululizo, chini ya taa ya kijani. Akaanza kuteremka orodha. Magereza ilikuwa ikiiuliza moja kwa moja Hospitali ya Wazazi majina ya watoto wachanga, na hilo akalipita haraka. Alipofika kosa namba 2,307, alisimama.

Mstari ule uliandikwa na Nyumba ya Sherehe. Siku ya Jubilei, Msanifu Mkuu angebonyeza kitufe cha dhahabu, na chemchemi ingeruka mita thelathini, mita moja kwa kila mwaka wa utawala. Maji mengi kiasi hicho yangetoka wapi? Kwa utaratibu, Sherehe ilipaswa kupita mlango rasmi wa Nyumba ya Maji, ambayo ingeuliza: malango mangapi, kwa muda gani, na bondeni yuko nani? Lakini mlango rasmi una fomu tisa. Mtu wa Sherehe akaruka, akaandika kwa mkato: *kitufe kikibonyezwa, fungua malango yote ya bwawa.*

Malango yalikuwa manane. Chini ya bwawa kulikuwa na Mto Kitope, uliokauka tangu kiangazi. Na katika mchanga wa mto huo, kwa kuwa ndiyo sehemu tambarare pekee ya kutosha umati, vilikuwa vikipangwa viti elfu tisa vya wananchi wa Mabondeni.

Mama yake Mwanakombo, Bi Shuwena, aliishi Mabondeni. Alikuwa amepewa kiti namba 14, safu ya mbele, kwa niaba ya wajane waaminifu.

Akainua simu. Akakosea namba mara mbili.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini? Wanipigia asubuhi yote hii, hata chai sijanywa."

"Mama, Jumamosi usiende."

"Nisiende wapi?"

Kwenye simu kulikuwa na ule mlio mdogo wa siku zote, tik, tik, wa masikio ya Mtambo. "Jua litakuwa kali," alisema Mwanakombo. "Na magoti yako."

"Magoti yangu yamepewa kanga mpya na kiti chenye namba," alisema Bi Shuwena. "Nisipokwenda kiti kitaonekana kitupu, safu ya mbele! Kisha wataandika. Hebu niache, mwanangu. Wewe una kazi nzuri, usiniharibie."

Tik, tik. Mwanakombo alisema sawa mama, akaweka simu chini, akalia kidogo bila sauti, kama wanavyolia watumishi wa umma.

Alikwenda kwa mkurugenzi wake, Bwana Shaame, mzee mpole aliyebakiwa na miezi mitano kustaafu na aliyetembea kama mtu aliyebeba mayai. Alipoona karatasi ya orodha alifunga mlango, akafunga dirisha, akafunga na mtoto wa meza.

"Mwanakombo, mwanangu, nani mwingine ameona?"

"Hakuna, mzee."

"Basi funika kombe mwanaharamu apite. Ibandike picha, urudi kazini."

"Mzee, mtoni kuna watu elfu tisa."

Bwana Shaame alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimsumbua sana, hasa nyakati za kazi. Mwishowe alivaa koti, akampeleka juu kwa Waziri, na njia nzima ngazini alikuwa akisoma dua.

Waziri wa Usanifu, Mheshimiwa Daktari Mkwiche, aliisikiliza habari yote akiwa amesimama. Jasho lilimtoka kwenye kipara kwa mpangilio mzuri, kutoka juu kwenda chini. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni Waziri.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi sioni makosa elfu nne mia moja na kumi na nane. Mimi naona urithi! Kosa la leo ni kosa. Kosa la jana ni historia, na taifa lisiloheshimu historia yake ni taifa la namna gani? Naagiza yagandishwe. Yote! Yaandikwe katika Orodha ya Urithi, yafungwe kwa kufuli, na kuanzia kesho jaribio liyapite kwa adabu. Jaribio lirekebishwe, lipewe jina jipya, lione vizuri. Atakayefanya kosa jipya, moja tu, Mungu amsaidie."

"Mheshimiwa," alisema Mwanakombo, na sauti yake ilitoka nyembamba, "naomba namba elfu mbili mia tatu na saba ifutwe kwanza. Kitufe kikibonyezwa maji yatapita mtoni, na mtoni..."

"Je, nimekuuliza kama mtoni kuna watu?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Wa juu huuliza, wa chini hujibu. Sijauliza, kwa hiyo hujanijibu, kwa hiyo mimi sijui." Alitia saini. Kalamu ilimtetemeka hata saini ikatoka kama ya mtu mwingine, jambo ambalo huenda baadaye lingemfaa. Kisha akamgeukia Bwana Shaame, akauliza polepole: "Na mimi Jumamosi nimepangiwa kukaa wapi?"

"Jukwaa la juu kilimani, mheshimiwa."

"Vizuri," alisema Waziri, akaketi.

Kwa siku mbili Mwanakombo alifanya alivyoagizwa. Alilirekebisha jaribio, akaiweka orodha, na kufuli zikafungwa. Taa iliendelea kuwaka kijani, na safari hii ilikuwa kijani ya kweli, kwa maana jaribio lilikuwa linaona kila kitu na kusamehe kila kitu. Mstari wa Sherehe haukuweza kuguswa tena, kwa sababu kugusa urithi ni kuchafua historia. Alifikiria kwenda Nyumba ya Sherehe kuwaeleza, lakini jirani hasemi na jirani. Alifikiria kukimbilia Mabondeni na kupiga kelele, akaona wazi jinsi watu wangegeuza nyuso ili wasije wakaandikwa kuwa wamesikia. Hakula. Kila alipomeza mate alimwona mama yake katika kanga mpya, kiti namba 14, akiwa ameikunja miguu vizuri ili apate kupigwa picha.

Jumamosi ya Jubilei aliingia kazini saa kumi na mbili na nusu. Kulikuwa na wimbo wa taifa kutoka kila dirisha. Akaketi, akafungua Mtambo, na kisanduku cha Mstari wa Shukrani kikamngoja kama kila siku.

Hofu aliyokuwa nayo hatuwezi kuipamba. Ilikuwa hofu ya kawaida, ya mwili: miguu baridi, meno yanayogongana, haja ndogo ya ghafla. Aliutazama mkono wa Vuai begani kwake pale pichani. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita aliutazama moja kwa moja, akahesabu vidole, vilikuwa vinne, kwa kuwa cha tano kilipotea pamoja na mwenyewe.

Kisha akachagua mahali pa kuweka shukrani zake. Aliteremka mpaka ghorofa ya chini kabisa, Nyumba ya Maji, palipokaa malango ya bwawa. Hakuandika asante. Aliandika mstari wa kuita juu, kutoka malangoni hadi kwa Msanifu Mkuu mwenyewe, swali dogo la maneno matatu: *Mtoni kuna watu?*

Akaweka jina lake, kwa sababu Mtambo haupokei mstari usio na jina. Saa moja kamili akabonyeza.

Sekunde arobaini zilipita. Jaribio, alilolirekebisha kwa mikono yake mwenyewe na kulifundisha kuona, lilizunguka ghorofa zote, likayapita makosa elfu nne kwa adabu, likafika kwenye malango ya bwawa, likasimama.

*Makosa ya urithi: 4,118. Kosa jipya: 1. Mwandishi: Mwanakombo Pandu.*

Juu ya paa kitu kiliguruma, na mwanga mwekundu ukamwagika kwenye dirisha, juu ya kibodi, juu ya mikono yake.

Mtambo ukasimama. Taa za barabarani zilizimika, milango ya benki ikagoma, na lifti ya Wizara ikakwama na Mheshimiwa Mkwiche ndani, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mahali ambapo kanuni hazijasema ni pa nani. Watu wa Usalama walitaka kuja mara moja, lakini hati za kukamata hutolewa na Mtambo. Ikabidi iandikwe kwa mkono. Wakaanza kutafuta kalamu.

Bwana Shaame alikuja mlangoni, akasimama akishika fremu.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimeuliza swali, mzee."

Mzee aliingia, akammiminia chai kutoka kwenye chupa, akamwekea karibu na mkono. Kisha akaondoka kwenda kujiripoti mwenyewe kabla hajaripotiwa.

Saa nne Mwanakombo aliwasha redio ya betri. Mtangazaji alikuwa mtoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea juu ya miiba. "Msanifu Mkuu ananyanyua kidole... anabonyeza! Anabonyeza kwa mara ya pili, kwa hekima zaidi... Na sasa ya tatu, kwa subira ya baba... Wananchi wametulia. Wananchi wametulia sana."

Kisha ikasikika sauti ya Msanifu Mkuu. "Mnaiona taa ile?" alinguruma. "Miaka sita maadui walisema jaribio letu halioni. Leo limeona! Nani mwingine duniani ana serikali inayosimama yenyewe kwa kosa moja? Namtunuku mtunza jaribio, aliyemnasa mhalifu, Nishani ya Jicho la Taifa! Na mhalifu aliyeandika mstari ule namtupa mahali ambapo hata jina lake halitafika!"

Wananchi elfu tisa wakapiga makofi, wakiwa wamekaa kwenye mchanga mkavu.

Nishani hutolewa na Nyumba ya Heshima. Kukamata ni kazi ya Nyumba ya Usalama. Nyumba hizo mbili ni jirani, na jirani hasemi na jirani. Kwa hiyo gari mbili ziliondoka wakati mmoja, moja na mto wa mahameli na nyingine na pingu, zote zikiwa na anwani moja.

Simu ya mezani ikalia. Simu hizo ni za zamani, hazikuwamo katika Mtambo. Kilichokuwa Mtamboni ni masikio tu. Mwanakombo aliinua, akasubiri tik, tik. Haikuwapo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utu uzima hakuna aliyekuwa akisikiliza.

"Mwanangu!" alisema Bi Shuwena, sauti imekauka kwa hasira. "Umesikia balaa hili? Kuna mtu mpumbavu huko mjini kaharibu chemchemi! Tumekaa mtoni tangu alfajiri, jua linatuchoma, tunangoja maji, maji yenyewe hayakuja!"

"Hayakuja kabisa, mama?"

"Hata tone! Kanga yangu mpya yote vumbi. Watu elfu tisa wamerudi nyumbani kwa miguu yao, mikavu, kama tulivyokwenda. Kwa ajili ya mtu mmoja! Mungu amlaani popote alipo."

Mwanakombo alifumba macho. Angeweza kusema. Lakini mama yake hakuwahi kuweka siri hata ya mboga, na ifikapo jioni mtaa mzima ungejua yeye ni mama wa nani.

"Mbona huitikii? Nimesema Mungu amlaani."

"Amina, mama," alisema Mwanakombo.

Huko nje, ngazini, viatu vilikuwa vikipanda, jozi mbili, kwa mwendo usiofanana. Aliushika mkono wa simu kwa mikono yote miwili, akamwomba mama yake amweleze tena, polepole, jinsi mto ulivyokuwa mkavu.